Ndugu wa iPhone na ndugu wa Tecno ndani ya albamu moja: tulivyofanya kwenye harusi ya mpwa wangu

Dada, umeuliza hivi: harusi ya mdogo wako ni mwezi ujao, ndugu wa Muscat wote wanatumia iPhone, ninyi wa Tanga mna Samsung, Tecno na Infinix, na unataka picha zote zikae pamoja, kila mtu aone na kila mtu atie zake. Waliotangulia wamekushauri mtumiane kwenye kundi la familia, yaishe. Naomba nikuzuie hapo hapo, maana sisi tulifanya hivyo na hadi leo linaniuma.

Marehemu baba alipigwa picha moja nzuri mno. Amekaa barazani na kanzu yake, bakora mkononi, amegeuza uso kidogo kama anayemsikiliza mtu. Aliyeipiga ni binamu yangu. Akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, sote tukaipokea, tukashukuru. Baadaye simu yake ikajaa, akafuta. Baba alipofariki tukataka kuisafisha tuiweke fremu kubwa sebuleni. Fundi wa studio akaikuza kwenye kompyuta, akanyamaza, kisha akanigeuzia skrini nione mwenyewe: ndevu za baba zimekuwa ukungu, vidole kwenye bakora vimegandana. Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa na pikseli, yaani vile vidoto vinavyounda picha, 1,600 tu kwa upande mrefu. Simu ya binamu ilikuwa inapiga zaidi ya 4,000. Picha ilikuwa imepunguzwa njiani ili isile bando, na ile kamili haikuwepo tena popote.

Kwa hiyo harusi ya mpwa wangu ilipofika, suala la picha nililishika mwenyewe.

Kaka yangu wa Toronto alikuwa ameshafungua albamu ya pamoja ya iCloud, ile hifadhi ya mtandaoni ya Apple wanaotengeneza iPhone. Kwa wenye iPhone watupu ni albamu nzuri: inachukua watu 100, picha na video 5,000, na haili nafasi ya iCloud ya mtu yeyote. Ila picha zinashushwa hadi pikseli 2,048 kwa upande mrefu, na video hadi 720p. Na mwenye Android, yaani simu kama zenu za Samsung, Tecno na Infinix, hawi mwanachama. Mwenye albamu anaweza kuwasha ukurasa wa wazi wa mtandaoni, mwenye Android akapewa kiungo, akatazama na kupakua, lakini kutia picha yake hawezi. Ile maktaba ya pamoja iliyokuja na iOS 16, mfumo wa iPhone wa mwaka 2022, imebana zaidi: watu sita, na wote wawe wa Apple.

Sasa jiulize picha za harusi hasa ziko kwa nani. Wageni wetu wa Toronto na Muscat walikuja na simu kali, lakini walifika siku mbili kabla. Mashangazi wamekaa juu ya mbuzi wanakuna nazi uani saa kumi alfajiri, bibi harusi amelala usingizi huku miguu imefungwa hina, babu anahesabu masufuria ya kukodi, hizo zote zilikuwa kwenye Tecno ya shangazi yangu, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Tungebaki kwenye albamu ya kaka, shangazi angekuwa mtazamaji tu wa harusi aliyoipika kwa mikono yake. Hilo sikulikubali. Nikampigia kaka, nikamweleza, akaelewa, tukahamia Google Photos.

Google Photos, programu ya picha ya Google, inafanya kazi pande zote mbili. Kwenye Android mara nyingi inakuja na simu, kwenye iPhone unaipakua App Store. Albamu moja inabeba hadi picha 20,000. Kutazama kwa kiungo hakuhitaji hata akaunti, ila kutia picha kunahitaji akaunti ya Google, na mwenye albamu awe ameruhusu wengine kuongeza.

Kwenye hiyo akaunti ndipo kazi yenyewe ilipo, dada, na ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Niliketi na shangazi mkekani, nikagusa ile duara iliyo juu kulia ya programu. Likatokea jina la mwanamume tusiyemjua. Siku shangazi anainunua ile simu, kijana wa dukani aliifungulia kwa baruapepe yake mwenyewe ili imalize kuwaka, na shangazi akaitumia miaka mitatu bila kujua. Bahati nzuri upakiaji, yaani kupandisha picha mtandaoni zenyewe, ulikuwa umezimwa. Ungekuwa umewashwa, picha za ndani ya nyumba yetu zingekuwa zinapanda kwa mtu baki kila siku. Tukaiondoa ile akaunti, tukafungua mpya kwa namba yake ya simu, na neno la siri tukaliandika nyuma ya daftari lake la upatu, maana daftari hilo hajawahi kulipoteza. Baada ya hapo nilikagua simu saba za nyumbani. Mbili zilikuwa na tatizo hilo hilo. Kagua za kwenu zote.

Nafasi isikutishe. Kila akaunti ina GB 15 za bure, zikigawanywa na Gmail na Drive. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 zinahesabiwa. Ila picha ninayotia mimi inakula nafasi yangu, haili yako, mpaka wewe uamue kuihifadhi kwako. Picha 800 za MB 3 ni GB 2.4 hivi, na ukizigawa kwa watu kumi hakuna anayelemewa. Kinacholemea ni bando. Sisi tulizima upakiaji kwa data kwenye simu zote, kisha jioni tukawa tunakwenda kwa wifi yangu mwenye Wi-Fi ya nyumbani, simu zinachajiwa sebuleni huku zinapakia. Wenye iPhone waambie waiache programu wazi kwenye skrini wakati wa kupakia, kwa sababu iPhone huzipunguzia kasi programu zilizofichwa nyuma, na mtu hudhani picha zimekwenda kumbe zimesimama kwenye ya arobaini.

Ubora nao uuchague mapema kwenye mipangilio. Ule wa kubana hufikia megapikseli 16 kwa picha na 1080p kwa video, na kwa kutazama unatosha kabisa. Mimi kwa zile nilizojua zitasafishwa nilichagua ubora halisi. Unajua kwa nini.

Jambo dogo la ndugu wa Muscat: tangu iOS 11 ya mwaka 2017, iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC. Android kuanzia toleo la 9 huufungua, lakini kompyuta za studio nyingi za mtaani hukwama. Kabla ya harusi waingie Settings, Camera, Formats, wachague "Most Compatible", simu itapiga JPEG, muundo wa kawaida wa picha.

Halafu kuna singo na usiku wa hina. Hapa nazungumza kama mwanamke wa Pwani kwa mwenzangu. Kiungo cha albamu ni kama mlango usio na komeo: yeyote anayekipata anaingia, na kiungo kikishatupwa kwenye kundi la watu 200 huwezi kujua kimefika wapi. Sisi tulifungua albamu mbili. Ya ndoa na ya karamu ilikuwa na kiungo, wageni wote wakapewa. Ya wanawake, ambamo dada zetu wako bila ushungi wala buibui, tulizima kiungo kabisa, tukamwalika kila mmoja kwa akaunti yake, jina kwa jina, wanawake 23. Tukazima pia ile sehemu inayoonyesha mahali picha ilipopigwa. Na kabla ya yote tulimwuliza bibi harusi mwenyewe ni nani anataka aingie. Majina mawili aliyakataa, nasi tukayaacha bila kumhoji.

Kosa tulilokaribia kulifanya lilikuwa la kufuta. Shangazi alipoona simu imejaa, akaingia Google Photos na kuanza kufuta, akidhani picha ziko salama kwenye albamu. Haziko. Ukiifuta picha uliyoitia mwenyewe, inatoka pia kwenye albamu ya pamoja. Tuliwahi, kwa sababu picha iliyokwisha kupakiwa hukaa kwenye pipa la taka siku 60 kabla ya kupotea, tukazirudisha zote. Mfundishe kila mtu kutumia kile kitufe cha kupunguza mzigo wa simu ("Free up space"), kinachoondoa nakala za ndani zilizokwisha kupakiwa na kuziacha za mtandaoni. Na pawe na mtunzaji mmoja. Kwetu ni mimi. Wiki moja baada ya harusi nilipakua albamu zote mbili nikaziweka kwenye diski ya nje, ipo kabatini pamoja na hati za nyumba. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na katika ukoo wenye wazee hilo si jambo la mbali.

Kwa mjomba wangu mmoja haya yote yalishindikana, hataki akaunti wala programu mpya. Yeye alinitumia picha zake WhatsApp, lakini kama hati, si kama picha. Unagusa alama ya kuambatisha, unachagua hati, kisha faili. Hivyo faili hufika kama ilivyo, nami nikazitia kwenye albamu kwa mkono wangu. Zilikuwa 31, na mojawapo ndiyo iliyo ukutani kwa mpwa wangu sasa: anashuka ngazi, babu amemshika mkono, nyuzi za shela unaweza kuzihesabu.

Anza wiki hii, na uanze na simu iliyo chakavu kuliko zote hapo nyumbani. Akaunti ya mtu ikikukwamisha, andika hapa aina ya simu yake na maneno yanayosomeka kwenye skrini, nitakujibu baada ya isha.