Siamini Mungu. Niende ibadani kufanya nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nililelewa katika dini, nikaacha kuamini nilipokuwa chuoni, na nina amani na uamuzi huo. Sasa nina mtoto mdogo. Mwenzangu wa kazini ametualika kwenye ibada ya Jumapili katika jumuiya ya Unitarian Universalist, anasema wengi pale hawaamini Mungu. Mume wangu anashangaa: kama ni kutafuta watu, si nijiunge na klabu ya vitabu? Mimi naogopa kuwa mnafiki. Na wao, watu kama mimi tunawafaa nini?
Mama wa mtoto mmoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na unafiki, maana naona ndio unaokunyima usingizi. Mnafiki ni anayetamka asichokiamini. Pale hakuna atakayekutaka utamke. Unitarian Universalist ilizaliwa Marekani mwaka 1961, madhehebu mawili yalipoungana: Waunitaria, waliosema Mungu ni mmoja wala si Utatu, na Wauniversalisti, waliosema wote wataokolewa. Mizizi yao wote ni ya Kikristo, lakini leo hawana kanuni ya imani ambayo mwanachama lazima aikiri. Wanafungwa na agano, yaani ahadi ya namna watakavyoishi na kutendeana. Wala wasioamini si wageni wa jana. Ilani ya kwanza ya wahumanisti, yaani watu wanaoweka utu wa binadamu mbele, ilipotolewa mwaka 1933, ikisema maadili yanaweza kusimama bila Mungu wa miujiza, ilitiwa saini na watu 34. Karibu nusu yao walikuwa Waunitaria, wachungaji wakiwamo.

Mimi mwenyewe siamini, na ni mwanachama wa jumuiya ya aina hiyo. Nikueleze kinachonipeleka.

Katika ibada huwa kuna kipindi cha furaha na huzuni. Anayetaka hupita mbele, huwasha mshumaa na kusema lililomfika. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu na mkana Mungu asiyejificha, aliwasha wake akasema mkewe ameanza kusahau majina ya watoto wao. Akarudi kukaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mpango wa Mungu. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, mama mmoja wa kamati ya kusaidiana alimfuata na daftari: "Kliniki ni siku gani? Ukitoka kwenda benki, nani anabaki naye?" Akaandika. Bibi aliyekuwa amesimama karibu, mtu wa sala kila asubuhi, akasema Alhamisi ni yake. Yeye na yule mwalimu hawajawahi kukubaliana juu ya Mungu, na wanabishana kwelikweli. Alhamisi anakwenda.

Sasa mwambie mume wako kuhusu klabu. Klabu ya vitabu ni kitu kizuri, lakini watu wake mmechaguana: umri unakaribiana, ladha inafanana, na mtu akiacha kuja hakuna anayemfuata. Kwenye jumuiya unakaa kiti kimoja na mtu ambaye usingemchagua kamwe, na ukipotea wiki mbili atakupigia simu. Kisha kuna kuzaliwa, kuoana na kufa. Ukifiwa, klabu itakutumia salamu za pole. Jumuiya ina mchungaji aliyesomea kazi ya kusimama mbele ya jeneza, akamzungumzia marehemu kwa heshima bila kudai anajua alikokwenda. Kwa asiyeamini hilo si jambo dogo. Nimekaa kwenye mazishi ambayo marehemu alivishwa imani aliyoikataa maisha yake yote, na sitaki kuvishwa hivyo.

Watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam waliandika mwaka 2010, kutokana na utafiti wao Marekani, kwamba wanaohudhuria ibada huridhika zaidi na maisha kwa sababu ya marafiki wanaowapata humo. Anayehudhuria bila kuwa na rafiki hata mmoja pale hapati faida hiyo. Kwa hiyo usiishie kukaa kiti cha nyuma na kuondoka wimbo wa mwisho ukianza. Baki kwenye kahawa.

Utauliza, kwa nini wasioamini wasianzishe vyao? Wameanzisha. Felix Adler alianzisha Ethical Culture, jumuiya inayojengwa juu ya maadili bila kudai imani ya Mungu, huko New York mwaka 1876. Mwaka 1963 rabi Sherwin Wine alianzisha Michigan jumuiya ya Kiyahudi isiyomtaja Mungu katika ibada. Sunday Assembly, mikusanyiko inayofanana na ibada lakini bila Mungu, ilianza London mwaka 2013, ikaenea haraka, kisha matawi kadhaa yakafa. Kuanzia sifuri kunachosha: ukumbi, fedha, walimu wa watoto, watu wa kupanga viti kila wiki. Jumuiya kongwe inavyo tayari.

Wao mnawafaa nini? Mhubiri anayejua kwamba mbele yake ameketi mtu asiyeamini hawezi kufunga hoja kwa kusema "Mungu amesema". Itambidi aeleze kwa nini msamaha ni wema, kwa nini mgeni apokewe. Waamini wenzetu wananiambia mahubiri ya namna hiyo yamewajenga.

Lakini jua haya. Jumuiya hazifanani: moja itataja Mungu katika kila wimbo, nyingine mwezi utapita asitajwe. Aliye jirani yako ana haki ya kusali kama ulivyo na haki ya kunyamaza, na kama unakwenda ili kumsahihisha, bora ubaki nyumbani. Michango utaombwa, kwa kuwa wanachama ndio wanaolipa mshahara wa mchungaji, na ndio wanaompigia kura.

Kuhusu mtoto, atafundishwa juu ya dini mbalimbali. Akifika ujana, jumuiya nyingi humsaidia kuandika mwenyewe anachokiamini na kukisoma mbele ya watu wote. Nimesikia wengine wakisema Mungu yupo, wengine hayupo, na wote wakapigiwa makofi yaleyale. Kabla hamjajiandikisha, muulize mwalimu wa watoto swali moja: mwanangu akisema hapa kwamba mama haamini, utamjibu nini? Sikiliza jibu, halafu uamue.