Jibu: Je, Wasunuwar ni tawi la Warai?

Ndugu, umeuliza kama Wasunuwar ni tawi la Warai. Hapana. Ni ndugu tu, wote ni Wakirati, yaani kundi la makabila ya Nepali mashariki. Kwao hasa ni wilaya za Ramechhap na Okhaldhunga, bonde la mto Likhu. Jina Sunuwar huhusishwa na mto Sunkoshi. Wenyewe hujiita Koits, na naomba tuliheshimu jina hilo.

Kuhusu koo, tazama majina yanavyoishia: Jenticha, Mulicha, Katicha. Ukikutana na hiyo "-cha", umeshika uzi wa ukoo. Karna Jenticha, aliyebuni mwandiko wa lugha yao mwaka 1942, jina lake lenyewe linakutajia ukoo wake. Mwandiko huo uliingizwa Unicode, yaani mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, mwaka 2024, nilifurahi mno!