Kocha kuvuka mtaa kwenda kwa watani: niliyoyaona Birmingham mwaka 2011

Mwenzetu mmoja, mpenzi wa Simba kama mimi, ameuliza swali linalorudi kila mara mkataba wa kocha unapokaribia ukingoni: je, kocha wetu anaweza kuhamia kwa watani zetu Yanga? Ikiwa mchezaji Bernard Morrison aliweza kutoka Jangwani, yaani Yanga, akaja Msimbazi, yaani Simba, mwaka 2020, na Clatous Chama akatoka Msimbazi akaenda Jangwani mwaka 2024, ni nini kinachomzuia kocha kufanya vivyo hivyo? Baadhi wamemjibu kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, na wengine kwamba penye fedha hakuna lisilowezekana. Mimi naamini linawezekana, ila ni nadra sana, na dalili zake hazipatikani kule ambako wengi wetu tunazitafuta. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kuishi katika mji ambako jambo hilo lilitokea, nami nilikuwa upande wa walioachwa.

Kati ya mwaka 2007 na 2013 niliishi Birmingham, nchini Uingereza, katika mtaa wa Small Heath, nikifanya kazi ya usiku ya kupakua mboga na matunda kwenye soko la jumla la mji ule. Mzee mmoja mwenyeji wa pale, ambaye nilifanya naye kazi tangu wiki yangu ya kwanza, ndiye aliyenichukua kwenda uwanja wa St Andrew's, na tangu siku hiyo Birmingham City ikawa timu yangu ya pili baada ya Simba. Mwenzetu wa tatu katika zamu ile alikuwa mtu wa Aston Villa, watani wetu wa mji ule ule. Kutoka St Andrew's hadi Villa Park ni umbali ambao mtu mzima anautembea kwa saa moja hivi, lakini yule mzee aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuingia Villa Park isipokuwa siku ambazo timu yake ilikwenda kucheza huko. Sisi tumezoea ukaribu mkubwa zaidi, maana makao ya Simba na ya Yanga yote yako Kariakoo na mtu anatoka kwenye moja kufika kwenye jingine kwa miguu bila kutoka jasho. Hata hivyo nilimwelewa mara moja, kwa kuwa baba yangu mdogo alikuwa na tabia ile ile.

Kocha wetu alikuwa Alex McLeish, aliyekuja Novemba 2007 akitokea timu ya taifa ya Uskoti. Timu ilishuka daraja mwaka 2008, ikapanda mwaka 2009, na katika msimu wa 2009/10 ikamaliza nafasi ya tisa kwenye Ligi Kuu, nafasi ambayo klabu haikuwa imeifikia kwa zaidi ya miaka hamsini. Kisha ikaja tarehe 27 Februari 2011, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Arsenal pale Wembley. Niliitazama katika mgahawa wa Wasomali kwenye barabara ya Coventry, nikiwa nimezungukwa na Wakenya na Watanzania ambao karibu wote walikuwa Arsenal, kama mnavyoweza kukisia. Zigic alifunga, Van Persie akasawazisha, na dakika ya 89 beki Koscielny na kipa Szczęsny wakategeana mpira, Obafemi Martins akaupata na kuusukumia kwenye goli tupu. Lilikuwa kombe kubwa la kwanza kwa klabu ile tangu mwaka 1963. Usiku ule yule mzee alikuja kazini akiwa na sauti iliyokauka, akanikumbatia mbele ya makontena ya viazi bila kusema neno.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Mei, tulifungwa na Tottenham mabao mawili kwa moja katika mchezo wa mwisho na tukashuka daraja tukiwa na pointi 39. Tarehe 12 Juni, siku ya Jumapili, McLeish aliwasilisha kujiuzulu kwake kwa barua pepe. Tulipoingia kazini usiku wa kuamkia Jumatatu habari ilikuwa imeshaenea soko zima, na yule mwenzetu wa Villa, ambaye kwa kawaida angekuwa wa kwanza kututania, alikuwa amenyamaza. Alikwishahisi kwamba kocha huyo anakuja kwao, kwa kuwa Gérard Houllier alikuwa ameondoka Villa mwanzoni mwa mwezi huo kwa sababu za kiafya na kiti kilikuwa wazi. Siku chache baadaye mamia ya mashabiki wa Villa waliandamana nje ya uwanja wao wakimkataa mtu ambaye hata hajatangazwa, lakini tarehe 17 Juni akatangazwa hivyo hivyo. Klabu yetu ililalamika kwa Ligi Kuu ikidai kwamba kocha alikuwa bado na mkataba, Villa ikasema imemwajiri mtu aliyekwisha kujiuzulu, na mwishowe pande mbili zikamalizana kwa makubaliano ya fidia.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, sisi mashabiki tulikuwa tukibishana juu ya mambo yasiyohusika. Tulijadili kama anaipenda timu, kama uso wake baada ya mechi ya Tottenham ulikuwa wa mtu anayeaga, na kama mkewe ameonekana akitafuta nyumba upande wa pili wa mji. Hakuna aliyejiuliza swali ambalo leo naliona kuwa la msingi: ni nani aliyekuwa akiiongoza klabu yetu, na alimpa kocha wetu sababu gani ya kubaki? Timu ilikuwa imeshuka, wachezaji wazuri walikuwa lazima wauzwe, na juu yake kulikuwa na mmiliki kutoka Hong Kong, Carson Yeung, ambaye kabla mwezi ule haujaisha alikamatwa kwa tuhuma za kutakatisha fedha na mwaka 2014 akahukumiwa. Kocha yeyote mwenye akili angeona kwamba nyumba inavuja. Kwamba mlango wa kwanza uliofunguka ulikuwa wa jirani ndilo lililotuuma, lakini kuondoka kwenyewe kulikuwa kumeshaiva ndani ya ofisi zetu.

Kwa hiyo mtu anayetaka kujua kama kocha wake atakwenda kwa watani ningemshauri atazame mambo matatu yakiwa pamoja, wala si moja moja. La kwanza ni kama kiti cha watani kiko wazi, kwa sababu klabu haivunji mkataba wa kocha anayeshinda ili tu imuudhi jirani. La pili ni hali ya mkataba wa kocha wenyewe, yaani umebaki muda gani na una kipengele gani cha kuuvunja. La tatu, ambalo naliona kuwa zito kuliko mengine yote, ni kama uongozi wake umemtimizia yale aliyoahidiwa: usajili alioomba, uwanja wa mazoezi, mshahara kulipwa kwa wakati, na uhuru wa kupanga kikosi bila kupigiwa simu usiku. Mambo hayo matatu yakikutana, hapo una haki ya kukosa usingizi.

Sasa turudi Dar es Salaam, maana hapa ndipo hofu yetu inapokosea njia. Tazameni namna makocha waliofanikiwa walivyoondoka katika miaka ya karibuni. Sven Vandenbroeck aliondoka Simba Januari 2021, siku moja tu baada ya kuifunga FC Platinum mabao manne kwa bila na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, akaenda AS FAR ya Rabat, Morocco. Nasreddine Nabi aliipa Yanga ubingwa mara mbili mfululizo, akaifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na kulikosa kombe mbele ya USM Alger ya Algeria kwa kanuni ya bao la ugenini, kisha akaenda huko huko AS FAR. Fadlu Davids aliifikisha Simba fainali ya kombe hilo hilo mwaka 2025 dhidi ya RS Berkane, na Septemba mwaka huo, msimu ukiwa ndio kwanza umeanza, akaondoka kwenda Raja Casablanca, klabu ambayo aliwahi kuwa kocha msaidizi wake. Watatu hao wote wameelekea kaskazini, wala hakuna kati yao aliyevuka barabara.

Sababu si ngumu kuielewa. Kocha mgeni anayeifikisha klabu ya Tanzania fainali ya Afrika anakuwa amejitangaza kwa klabu za Morocco, Algeria, Misri na Afrika Kusini, ambazo zinalipa zaidi. Kwenda kwa watani kungekuwa kubaki pale pale kwenye ligi ile ile huku akijiongezea maadui. Kwa hiyo kila tunapohesabu magari yaliyoegeshwa Jangwani tukidhani kocha wetu yuko ndani, huenda mazungumzo yanayomhusu yanafanyika Rabat au Casablanca, na sisi hatuna hata mtu wa kuyafuatilia.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa timu zetu hatulisemi kwa uwazi. Katika mji huu ni rahisi zaidi kocha kufukuzwa kwa sababu ya watani kuliko kuhamia kwa watani. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga ilitufunga mabao matano kwa moja, na siku mbili baadaye Roberto Oliveira, tuliyemwita Robertinho, hakuwa tena kocha wa Simba. Miguel Gamondi, aliyekuwa benchi la Yanga siku ile ya mabao matano, naye aliachishwa kazi Novemba 2024, takriban mwaka mmoja tu baadaye. Baadaye alirudi katika ligi yetu, lakini kwa Singida Black Stars, na sikusikia mtu yeyote akilia kwamba amesalitiwa. Kocha anayejua kwamba mechi moja ya watani inaweza kumfungasha virago ana sababu ya kuweka wakala wake kazini mwaka mzima, na hatuwezi kumlaumu kwa hilo huku sisi wenyewe tukiwa wa kwanza kupiga kelele langoni mwa klabu.

Kuhusu hoja ya Chama na Morrison, naiheshimu, lakini mchezaji na kocha si hali moja. Mchezaji akivuka anaingia katika kikosi cha watu zaidi ya ishirini, akifunga bao mbili tatu anasamehewa, na akikosa anakaa benchi bila kelele nyingi. Kocha akivuka, kila kipigo kinasomwa kama ushahidi. McLeish hakupewa hata wiki moja ya heri pale Villa. Klabu iliyokuwa imemaliza nafasi ya sita misimu mitatu mfululizo hadi mwaka 2010 ilimaliza nafasi ya 16 chini yake, ikashinda mechi saba tu za ligi, nne kati ya hizo nyumbani, na tarehe 14 Mei 2012, siku moja baada ya msimu kwisha, akafukuzwa. Sidhani kwamba yeye ni kocha mbaya, kwa kuwa nilimwona akijenga ukuta wa mabeki kwa fedha kidogo. Lakini mashabiki waliomwona miaka mitatu na nusu akiwa na rangi ya mahasimu hawakumpa subira ambayo wangempa mgeni. Viongozi wa klabu yoyote ya Kariakoo wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, kwa sababu wao ndio watakaosimama mbele ya wanachama mambo yakiharibika, na kwa maoni yangu hofu yao hiyo inatulinda kuliko kipengele chochote cha mkataba.

Mmoja wenu ameonyesha wasiwasi kwamba kocha akihama atabeba siri za timu. Hapo nisingepoteza muda. Mechi zote zinarekodiwa, kila benchi la ufundi lina mtu wa kuchambua video, na namna ya kupiga kona iliyokuwa siri mwezi Agosti inajulikana kwa wote ifikapo Oktoba. Kinachoumiza hasa kocha anapoondoka ni kwamba anaondoka na msaidizi, kocha wa viungo, kocha wa makipa na mchambuzi, yaani klabu inabaki bila mtu anayejua kwa nini mchezaji fulani alipumzishwa wiki iliyopita. Wakati Fadlu alipoondoka, timu yetu ilikuwa katikati ya raundi ya awali ya Ligi ya Mabingwa, na mchezo wa marudiano dhidi ya Gaborone United ulisimamiwa na Hemed Morocco, kocha wa timu ya taifa wakati huo, aliyeazimwa kwa dharura. Hilo ndilo pengo la kuogopa, na halitofautiani iwe kocha amekwenda Casablanca au Jangwani.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye kwake ningeangalia mambo kwa jicho tofauti, naye ni kocha mzawa. Huyu hana Rabat ya kukimbilia kwa urahisi. Nyumba yake iko hapa, watoto wake wanasoma hapa, na klabu zinazoweza kumlipa vizuri nchini zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Akitendewa vibaya upande mmoja, upande wa pili ni mojawapo ya milango michache iliyobaki. Wakati huo huo ndiye atakayekutana na mashabiki waliokasirika sokoni, msikitini na kwenye daladala, jambo ambalo kocha mgeni halifahamu kabisa. Kama siku moja tutamwona kocha akivuka Kariakoo moja kwa moja, nadhani atakuwa mzawa aliyekaa miaka mingi kama msaidizi bila kupewa timu.

Kwa huyu mwenzetu aliyeuliza, na ambaye amesema ni mwanachama mwenye kadi, ushauri wangu ni kwamba aache kufuatilia nani amekula chakula cha jioni na nani, na badala yake mkutano mkuu ukifika asimame aulize mkataba wa kocha unaisha lini, fidia yake inalipwa na nani akivunja katikati ya msimu, na ni nani atakayekaa benchi kesho yake asubuhi. Yule mzee wa Birmingham aliuliza maswali kama hayo kwenye kikao cha mashabiki mwezi Agosti 2011, wakati Chris Hughton alipokuwa amekwishachukua timu. Alirudi kazini akaniambia kwamba ukumbi mzima ulimpigia makofi, na kwamba angetamani sana kuyauliza mwezi Machi, siku ambazo sote tulikuwa bado tunalizungusha kombe mitaani.