Dua na dai, ndugu wa mzizi mmoja

SWALI: Neno "dua" twalitumia kwa ombi la mja mnyonge mbele ya Mola wake. Je, unyenyekevu huo umo ndani ya neno lenyewe? Na mbona methali husema "dua la kuku" ilhali sisi twasema "dua zetu"? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Haumo. Dua ni neno la Kiarabu, na mzizi wake una herufi tatu: dali, aini, wau. Maana yake ya asili ni kuita. Unyenyekevu hutajwa kwa neno lake peke yake: katika Kurani, sura ya Al-Aaraf, aya ya 55, waumini wanaamrishwa wamwombe Mola wao "tadharru'an wa khufyah", yaani kwa unyenyekevu na kwa siri. Mzizi huohuo ndio uliotupa dai, madai, mdai na mdaiwa, na aliyekopesha akija kudai chake hanyenyekei hata kidogo.

Kwa kuwa Kiswahili hakina aini, sauti hiyo ilidondoka. Waarabu huvuta irabu ya mwisho. Sisi mkazo huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, DU-a, basi mvuto nao ukapotea. Wanaofuata Kiarabu huandika "duaa". Wengine huandika "duwa", na hiyo w ni ulimi tu unapotoka u kwenda a. Dua yatosha.

Kuhusu ngeli, zote mbili zinatumika: dua yangu, dua zetu, na pia dua la kuku halimpati mwewe. Kosa ni kuzichanganya katika sentensi moja, kama "dua la mama imekubaliwa".

Kuomba, kwa upande wake, ni Kibantu kitupu. Wasukuma na Wabemba husema lomba. Kiswahili kimeangusha l, kama ilivyokuwa kwa lota, ambayo kwetu ni ota (ndoto). (Na kuswali hakuhusiani na swali la kuuliza, ingawa masikioni ni mamoja. Kuswali asili yake ya Kiarabu ina herufi sadi, swali lina sini na hamza.)

Panapoharibika zaidi ni kwenye kiambishi -e-, kinachogeuza omba kuwa ombea. Utasikia mtu mzima akisema "tunamwombea Mungu atuponyeshee mgonjwa wetu". Kwa maneno hayo Mungu ndiye mhitaji, nasi tunampelekea haja zake kwa mwingine! Mungu huombwa, mgonjwa huombewa. Vilevile ukiambiwa "mwombe mgonjwa dua", umetumwa ukamwombe mgonjwa akuombee wewe. Wala -e- hiyo haina wema wala ubaya, inaonyesha tu dua inamhusu nani: mwizi anayesomewa albadiri, kisomo cha kumwapiza, naye ameombewa.