Uhuru iliyoruka Ngomeni

SWALI: Shangazi shikamoo. Babu alikuwa akivua huku Ngomeni, anasema zamani roketi ilirushwa baharini na bosi wa setilaiti alikuwa mwanamke, mi nabisha. Kweli? – Mjukuu, Malindi

JIBU: Marahaba. Kamuombe babu msamaha! Ni Marjorie Townsend wa NASA, mwanamke wa kwanza kupata digrii ya uinjinia pale George Washington University, 1951. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti yao ikaruka kutoka jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano hapo baharini Ngomeni, na kwa vile ilikuwa Jamhuri Dei, kumbukumbu ya Kenya kupata uhuru, yeye ndo akaiita Uhuru, jina la kwetu kabisa, ikakagua anga lote kwa eksirei na kukuta vyanzo 339 vya eksirei hiyo, vingine nyota zinazonyonya gesi ya jirani zao, majirani wabaya hao.