Kadi ya Grafiki ya Bei ya Juu: Nini cha Kupima Kwanza

SWALI: Mhariri, salaam. Natamani kununua kadi ya grafiki ya GeForce RTX 5090 kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Skrini yangu ni ya pikseli 1920 kwa 1080, na pawasaplai (kifaa kinacholisha kompyuta umeme) ni ya wati 750. Je, nitafaidika? – Msomaji, Nyali

JIBU: Ndugu msomaji, kwa skrini hiyo sikushauri. Kadi hii, iliyotoka Januari 2025 kwa bei ya kuanzia dola 1,999 nchini Marekani, ina kumbukumbu ya gigabaiti 32, nayo huonyesha nguvu zake hasa kwenye skrini ya 3840 kwa 2160, ambayo ina pikseli mara nne ya yako. Kwenye skrini ndogo, mara nyingi kadi hubaki ikiisubiri prosesa.

Unaposoma vipimo vya kasi ya kadi, tenganisha picha zinazochorwa kikamilifu na zile zinazobuniwa na DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA (kampuni iliyobuni kadi hii), ambayo huweza kuongeza hadi picha tatu kwa kila moja iliyochorwa. Mwendo huonekana laini zaidi, lakini mchezo hauitikii vidole vyako kwa kasi zaidi, na kwa mchezaji wa mashindano hilo ni jambo kubwa.

Kadi huweza kutumia wati 575, na NVIDIA hupendekeza pawasaplai ya wati 1,000. Umeme huo wote huishia kuwa joto chumbani, na joto la Mombasa mwezi Machi unalijua mwenyewe. Anza na skrini, kisha pawasaplai.