Huduma Ikigoma, Usikimbilie Kuzima Kinga ya Kumbukumbu

Wanaosimamia seva za Linux huniuliza swali lilelile: wameweka `MemoryDenyWriteExecute=yes`, kinga inayokataza kumbukumbu kuandikika na kutekelezeka kwa pamoja, kwenye systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma), huduma imegoma kuwaka, sasa waitoe? Bado. Kwanza mtafute anayedai ukurasa wa kumbukumbu unaoandikika na kutekelezeka kwa wakati mmoja. Mara nyingi si programu yenyewe, ni maktaba iliyobebwa nayo.

Kinga hii si pambo. Mshambuliaji akipata bafa (eneo la kuhifadhi data kwa muda) inayofurika, humwaga msimbo wake kwenye eneo la data kisha akaielekeza prosesa huko. Kama ukurasa ule ni wa kuandikwa tu, prosesa inakataa na programu inakufa hapo hapo. OpenBSD, mfumo endeshi mwingine, waliingiza kanuni hii ya ukurasa kuandikika au kutekelezeka, si vyote viwili, katika toleo 3.3 mwaka 2003. Tangu toleo 6.0 la 2016, programu inayoivunja lazima iwe na alama ya `wxneeded` na ikae kwenye mfumo wa faili wenye ruhusa ya `wxallowed`. Utaratibu huo naupenda sana: anayetaka msamaha anajitaja.

Kwenye Linux, zima kinga kwa muda kwenye mashine ya majaribio, washa huduma, kisha kama root endesha `grep rwx /proc/*/maps`, ikuonyeshe kurasa zinazosomeka, kuandikika na kutekelezeka kwa pamoja. Ukiona `[stack]` (staki, kumbukumbu ya kazi za muda za programu), hiyo ndiyo kesi ninayokutana nayo zaidi, na ndiyo ya kuudhi kuliko zote kwa sababu hakuna aliyeihitaji. Faili moja tu la asembli lililosahau sehemu ya `.note.GNU-stack` linatosha: linka (programu inayounganisha vipande vya msimbo) inadhani staki inapaswa kutekelezeka, na programu nzima inabeba mzigo huo. Pima kila maktaba kwa `readelf -lW`, uangalie mstari wa GNU_STACK. RW (kusoma na kuandika) ni salama. RWE (na kutekeleza pia) ndiye mhalifu wako. Dawa ni mstari mmoja mwishoni mwa faili lile:

`.section .note.GNU-stack,"",@progbits`

Linka ya binutils kuanzia toleo 2.39 hutoa onyo kuhusu jambo hili. Watu hulipita kama matangazo.

Ukurasa wa rwx usio na jina lolote kwa kawaida ni wa kompaila ya papo kwa papo (JIT), inayotafsiri msimbo wakati programu inaendelea kukimbia. Hapa uliza kama kasi yake unaihitaji kweli. Kuizima, PHP ina `pcre.jit=0`, Node ina `--jitless`; kwa huduma ndogo huenda usione tofauti. Ila jihadhari: kompaila inayoandika kwanza kisha ikageuza ukurasa uwe wa kutekelezwa, kama Firefox ilivyoanza kufanya katika toleo 46, haivunji kanuni ya OpenBSD, lakini systemd itaizuia vilevile, kwa kuwa inakataza hata huko kugeuza.

Ikibidi kabisa, ondoa mstari wa `MemoryDenyWriteExecute` kwenye faili la huduma hiyo peke yake, na uandike maoni mahali pake ukitaja maktaba iliyokulazimisha.